Gurudumu la Nyuma la Baiskeli Yako

Chumba cha uani,
Nyumba yetu ileile.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kaa vizuri kwanza, maana barua hii inatoka kwa mtu mkubwa. Siku hizi mtaani kwetu hakuna chombo chenye gurudumu kinachotembea bila ushauri wangu. Juzi dereva alisimamisha lori zima katikati ya barabara, akatoa kichwa dirishani: "Mjomba, huu mlio unausikiaje?" Nikamjibu bila hata kugeuka.

Hujambo lakini? Unalala? Kile kikohozi kimekwisha? Usinijibu "kidogo kidogo" kama kawaida yenu watu wa mbali. Sisi huku wazima. Mama yako magoti tu yanamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi haujaugua hata siku moja.

Sasa habari ya baiskeli yako. Iko palepale koridoni, imeegemea ukuta. Lile gurudumu la nyuma ulilolilalamikia kabla hujaondoka lilizidi. Ukilishika linacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto, na ukilizungusha linasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Mama yako ameshamwahidi mshonaji wa nyumba ya pili. Alisema, "Ikipona tu, aichukue. Mwenyewe hana habari nayo, na mimi nimechoka kuikwepa kila nikipita."

Nikamwambia, "Dada, kazi hiyo niachie mimi. Naitengeneza humuhumu ndani."

Wewe unanijua. Shule niliacha mapema kwa sababu mwalimu alianza kuniogopa, lakini chuma kinanisikiliza. Nikaipindua miguu juu, nikalitoa gurudumu, nikafungua habu, yaani kile kitovu ambamo ekseli inapita. Mpwa wangu, grisi ya ndani imekuwa lami! Golori zikamwagika, zikakimbilia chini ya kabati. Nikalala kifudifudi kuzisaka kwa mpini wa ufagio, mama yako akaniruka na beseni la nguo.

"Fundi mkuu," akasema, "huko chini unaogelea?"

Golori zilikuwa zimelika, na koni, kile chuma kinachozibana, imejaa vidonda upande mmoja. Si ajabu, uliipeleka kazini na kuirudisha miaka yote ile, mvua na jua. Nikaweka mpya zote. Grisi sikuwa nayo, nikachukua mafuta ya mgando ya mama yako, yale ya kujipaka. Golori zilinata vizuri ajabu, mpaka jua la mchana lilipoingia dirishani. Mafuta yote yakayeyuka, yakatiririka sakafuni. Niliitiwa kikao cha familia, Chiriku, mimi na umri wangu huu.

Fundi baiskeli wa njia panda alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akanipa grisi kwenye kifuniko cha kopo, kwa heshima kubwa. Nikarudi, nikaipaka, nikazipanga golori, nikakaza koni mpaka gurudumu likagoma kabisa. Nikamrudia. Akaniambia, "Mzee, unalinyonga hilo. Liachie licheze kidogo kabla ya nati. Ukishakaza nati, ule mchezo unaisha wenyewe." Hilo nilikuwa nalijua siku nyingi. Nilitaka tu kuona kama na yeye anajua.

Basi siku hiyo nikalirudisha, nikalizungusha kwa kanyagio, nikaliachia. Halikusaga wala kuyumba. Ukabaki ule mlio wa friwili kwenye mnyororo tu, tiki tiki tiki tiki, ule uliokuwa ukikutangulia koridoni kila ukitoka kazini.

Mama yako akatoka jikoni, mikono ina povu la sabuni. Akanipita kama hanioni. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akavuta komeo, akafungua.

Alisimama pale, Chiriku. Kisha akafunga mlango polepole, akasema, "Hiyo kelele yako itaniua," akarudi kwenye sufuria zake. Zilipigwa sana siku hiyo, masikini.

Ndipo nikajua kwa nini anataka iondoke. Simlaumu. Lakini ikiondoka, mimi nitapita koridoni nikitazama nini? Ile alama ya usukani ukutani?

Mshonaji anapita kila siku, futikamba shingoni: "Mjomba, hiyo habu ni ya baiskeli au ya treni?" Mama yako anamjibu kabla yangu: "Mwache, kazi imemshinda." Nanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Kwa hiyo nakuomba, mwandikie mama yako, kwa mkono wako mwenyewe, umwambie baiskeli isitoke. Sikuulizi unarudi lini. Mwambie tu bado unaitaka. Mshonaji nitamtafutia nyingine, watu wangu wako kila mahali.

Mama mdogo anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda. Babu anauliza kama huko wanauelewa utani wako, au unacheka peke yako. Mungu akutangulie kazini na njiani, akupe majirani watakaogonga mlango siku usipoonekana.

Neno la mwisho, na usimsomee mtu. Gurudumu lilipona siku ileile. Kila mchana, kabla mama yako hajarudi kutoka sokoni, nachukua spana naifungua koni kidogo, linayumba tena. Akiingia ananikuta nimechuchumaa, mikono ina grisi, najikuna kichwa kama mtu asiyejua nati inafungwa upande gani.

Akupendaye na kukungoja,
Mjomba wako