Mgeni, Nyumba Imejaa

Kihanga, Karagwe
14 Agosti 1949

Mpendwa mdogo wangu Melkiory,

Marahaba kwa shikamoo uliyoniletea katika barua yako. Hujambo huko Tabora? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Mimi na binti yangu Kokuhirwa tu wazima, ila yeye ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu.

Uliniuliza kama nitakiacha kibanja, hili shamba letu la migomba, nije kuishi kwenu. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lilikuwa bado migombani.

Unakumbuka mume wangu Kahigi, shemeji yako, alivyokuwa akipunguza migomba. Kila shina aliliachia mgomba mama, binti na mjukuu. Machipukizi mengine aliyakata, na kila akikata alisema, "Samahani mgeni, nyumba imejaa." Tulikuwa tukimcheka.

Alipofariki sikuweza kutia chuma kwenye chochote alichokigusa. Chipukizi likitokeza, nililiacha. Niliona tumekwisha kuzika vya kutosha. Baada ya mwaka, shina moja lilikuwa na watoto saba au wanane, na mikungu ikatoa ndizi nyembamba kama vidole vya Kokuhirwa.

Ndipo Rwegasira, kaka wa marehemu, akaja kukagua. Alizunguka shamba lote, kisha akaniambia, "Shemeji, hapa unafuga msitu." Hakusema kwa ubaya, lakini aliongeza kwamba nikishindwa tena mwaka unaofuata, ukoo utampa kibanja mwanamume wa kukitunza. Unajua desturi yetu, na unajua sina mtoto wa kiume. Siku hizo hata sala ya jioni niliiachia katikati. Nikifika "mapenzi yako yatimizwe", niliinuka nikazima taa.

Mama mkwe wangu, Celestina, alisikia maneno ya Rwegasira. Alikuja asubuhi na mundu wa Kahigi, ameunoa mwenyewe, akaniwekea mkononi.

"Mwanangu," alisema, "huruma isiyochagua huua wote."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya wanaume. Akajibu kwamba mwanamume wa nyumba hii amelala, na migomba haijui nani kavaa gauni.

Nilikata mpaka jua likawa kichwani. Kwa kila chipukizi nilisema maneno ya Kahigi, kwanza kwa machozi, baadaye nikajikuta nacheka, na mama mkwe naye anacheka. Machipukizi tuliyatandaza chini pamoja na nyasi, yaoze.

Melkiory, sisemi Mungu alimkata Kahigi ili sisi tunenepe. Hilo sitaliamini. Nimeona tu kwamba mgomba ukishazaa huanguka, na ulioanguka hulisha uliobaki, polepole, chini ya nyasi tusikoona. Kwangu hiyo imetosha kuimalizia sala.

Wiki iliyopita nilikata mkungu wa kwanza mkubwa. Rwegasira aliubeba mwenyewe hadi kwa mama yake, akapumzika mara mbili njiani. Habari ya ukoo hajaitaja tena. Alichoniomba ni machipukizi matatu akapande kwake.

Basi asante kwa chumba mlichonitengea, lakini nabaki. Ukipata likizo, njoo wewe. Kwako nyumba haijajaa.

Nisalimie mkeo Xaveria na mwanao Cassian. Mama mkwe anawaombea, na Kokuhirwa anawasalimu huku amefunika mdomo. Mungu anayetunza kilicho chini ya udongo awatunze nanyi mlio mbali.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Adventina