Kibatari cha Baba

Kaka mpendwa,

Natangaza rasmi kwamba nyumba yetu imepata kibatari kipya. Baba amekiunda kwa kopo la maziwa ya unga, na utambi kaukata kwenye shati lako la shule. Unamjua fundi bati wetu: kwanza hujaza maji aone kama panavuja. Hapakuvuja. Tukakaa kama wageni wa heshima, akawasha njiti ya kwanza, ya pili, ya kumi.

"Baba, maji umemwaga ukatia mafuta?"

"Wewe binti, unifundishe kazi yangu?"

Mama akanikanyaga mguu. "Mwache. Utambi haujashika mafuta."

Kaka, uliandika utakuja mwakani. Njoo mwezi huu, angali anakutaja kwa jina. Mimi jana aliniamkia, "Shikamoo, dada."

Mdogo wako