Jina Ulilokataa Kulitaja Ukumbini

Baba,

Mzee Sulaiman ameniachia ufunguo wa kibanda chake cha video mchana huu. Nimekaa kwenye benchi la mbele, lile ulilosema ni la watu wenye masikio mazito. Skrini imezimwa. Nje wanakaanga mihogo, redio ya jirani inapiga kelele kama kawaida, na mimi nakuandikia kwa sababu nina habari ambayo hakuna anayestahili kuisikia kabla yako. Nitaifikia. Unanijua, siwezi kwenda moja kwa moja hata nikitumwa chumvi.

Tangu tukuzike, kibanda kimepata mabati mapya. Mvua ikinyesha hatusikii hata risasi za kwenye filamu. Mimi bado nasuka nywele pale Bukoto, na wateja wangu bado wananiuliza habari zako, halafu wanakumbuka na kuomba radhi. Kikombe chako cha chai ya tangawizi nimekivunja. Nililia zaidi kwa ajili ya kikombe kuliko nilivyolia hospitali ya Mulago siku ile ulipotutoka, majirani wakadhani nimefiwa tena.

Na maiki yako ninayo mimi. Ningekataa, lakini Mzee Sulaiman alinifuata saluni mara tatu na kofia yake mkononi. Alisema Waganda wana mafundi wao wa kutafsiri filamu kila mtaa, lakini watu wetu kutoka Kongo walikuwa na wewe tu. Jumapili baada ya misa walikuwa bado wanakuja kukaa kwenye mabenchi bila filamu, wanapiga soga na kuondoka. Basi nikakubali. Sasa ni mimi ninayesimama kando ya skrini na kuigeuza filamu ya Wachina kuwa Kiswahili cha kwetu, papo kwa papo. Wanasema sauti yangu ni kali mno, sehemu za mapenzi nazitafsiri kama ninagombana na mtu. Ni kweli.

Unachekaje huko, nyamaza.

Ila kuna kitu kimoja nilichokulaumu miaka yote, na lazima niseme. Ile desturi ya jina. Filamu ikiwa ya kisasi, adui akionekana mara ya kwanza, ukumbi mzima hupiga miguu chini: "Mupe jina! Mupe jina!" Na wewe ulimpa jina, kisha adui huyo akawa wetu mpaka mwisho. Siku moja ulimwita Kunguni, kwa sababu anakunywa damu na hana kazi nyingine. Siku nyingine Bwana Foleni, kwa sababu amewachelewesha watu wote. Watu walicheka mpaka bisi zikamwagika. Lakini wapo waliotaka jina la kweli. Walitaja majina ya watu waliowachomea nyumba, waliowachukulia watoto. Ulijifanya husikii, ukaendelea na Kunguni wako.

Nilikukasirikia. Nilikuambia watu hawa wametoka vitani, wape hata saa moja ya kumwona adui yao akianguka. Ulikuwa unakoroga sombe, yale majani yako ya mihogo. Hukugeuka. "Na baada ya ile saa moja?" ulisema.

Ulikuwa na maneno yako kuhusu filamu hizo, na nilikuwa nayasikiliza kwa sikio moja. Tulizifanyia mazoezi nyumbani, sauti ikiwa imezimwa, wewe na daftari lako lisiloandikwa kitu, mimi na vitunguu vyangu. "Angalia, Furaha. Banamutosha bibi, banamutosha batoto, ata imbwa." Ulisema dakika za kwanza ni za kumwondolea stelingi, shujaa wa filamu, watu wake wote, maana mtu mwenye mtoto anayemsubiri ale hawezi kucheza filamu ya namna hiyo. Na adui hawamwonyeshi akila wala akinawa mikono, ili akianguka usimkumbuke. Halafu filamu inaisha, stelingi anaondoka zake. Kesho yake haionyeshwi kamwe.

Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine, na sikukuambia kwa ubishi tu. Stelingi hapigi mara moja. Kwanza anamsogelea adui na kumwuliza kama anamkumbuka. Anataka yule mtu ajue ni nani amesimama mbele yake. Nilidhani hiyo ndiyo hamu yenyewe, na kifo ni cha kuongezea tu.

Sasa sikiliza.

Jumapili moja, si zamani, niliweka filamu ya mjane. Mumewe ameuawa, yeye anakimbia, anajifunza kupigana, anarudi. Ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Adui anatokea na suti yake nyeupe, miguu inaanza kupigwa chini, "Mupe jina! Mupe jina!" Nikageuka kuwatania kidogo kama ulivyokuwa unafanya. Kwenye benchi la ukutani, mwishoni kabisa, alikuwa amekaa fundi baiskeli wa kijijini kwetu.

Jina lake unalijua. Sitaliandika hapa.

Amezeeka, Baba. Koti ni kubwa kuliko yeye. Lakini ni yeye aliyenifundisha kupanda baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, na siwezi kuisahau sura niliyokuwa nageuka kuitazama kila mara nione kama ameniachia. Ni yeye pia aliyenyoosha kidole kuelekea nyumba yetu asubuhi ile watu wenye bunduki walipoingia. Wewe ulikuwa umenipeleka zahanati kwa ajili ya jino. Tuliporudi tulikuta watu njiani wanatuzuia, na yule mama wa sokoni akatuambia ni nani aliyeonyesha, na kwamba Mama na mdogo wangu Amani hawapo tena. Hatukufika hata uani. Tulikimbia na nguo tulizovaa, tukawaacha.

Miaka yote hii hukulia tu kwa sababu wamekufa. Nilikuwa nakusikia. Ulilia kwa sababu hukujua kama walizikwa. Siku ya kuwakumbuka marehemu, wenzako wakisafisha makaburi au wakituma ndugu wawasafishie, wewe ulikuwa unafagia mbele ya mlango wetu, unafagia mahali palipofagiliwa tayari. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni usafi.

Basi nimesimama na maiki. Watu wanapiga miguu. Na jina lipo mdomoni kwangu. Nusu ya ukumbi ule ni watu wa upande wetu, jina hilo wanalijua, wengine wana lao la kumdai. Ningelisema kwenye spika na kunyoosha mkono ukutani. Unajua jinsi watu wanavyokuwa katikati ya filamu ya kisasi, damu imeshachemka. Asingefika barabarani.

Akaniangalia. Akanijua. Niliona anavyonijua, kwanza macho, halafu mabega yakashuka. Hakuinuka. Hakukimbia. Alikaa pale akisubiri niseme.

Kile stelingi anachokitafuta filamu nzima nilikipata bila hata kupiga ngumi, na sikushiba. Nikaishusha maiki, Baba, mpaka spika ikaanza kukoroma.

 Filamu ikaendelea kwa Kichina. Wakapiga kelele, "Maiki imekufa! Maiki imekufa!" Mzee Sulaiman akaja kuchezea waya, akaninong'oneza, "Nnyabo, bibie, kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Nikauambia ukumbi kwamba adui wa leo hana jina. Walizomea kidogo, kisha wakanisamehe kwa sababu mjane alikuwa ameanza kupigana.

Niliitafsiri mpaka mwisho, sijui namna gani. Mwishoni mjane anamkuta adui ghalani, kwenye magunia ya mchele. Adui anafungua mdomo aseme kitu. Anaanza sentensi. Mjane anapiga risasi, na sentensi inakatikia hapo. Wewe ulikuwa unamalizia mwenyewe sentensi kama hizo, unamwekea adui matusi au vichekesho, watu wanaondoka wamefurahi. Mimi nilishindwa. Nilisimama nikijiuliza yule mtu alitaka kusema nini, na mjane sasa atamwuliza nani. Watu walikuwa wanapiga makofi, na fundi baiskeli alikuwa anatafuta kandambili zake chini ya benchi.

Nikaweka maiki chini. Mzee Sulaiman akanishika mkono kabla sijafika mlangoni. Alikuwa ameona tulivyoangaliana. "Binti yangu, baba yako alimjua yule. Amekuwa akija hapa muda mrefu, bambi, masikini." Akaniambia ulimwona siku ya kwanza tu alipoingia. Ulimweleza alichotufanyia, naye Mzee akakuuliza kwa nini humtaji, na wewe ukamjibu kwamba ukimtaja, watakuulia mtu ambaye bado hujamwuliza.

Ulimwona, Baba. Jumapili baada ya Jumapili ulimwona, ukasema Kunguni. Kisha ulikuja nyumbani ukala na mimi, ukaniuliza habari za saluni. Kwa nini hukuniambia? Nilikasirika pale mlangoni, nikakukasirikia wewe kuliko yeye. Mzee Sulaiman anasema mara mbili ulimfuata hadi nje na mara mbili ukarudi. Uliogopa jibu. Nadhani uliona ni afadhali kutojua kuliko kuambiwa kwamba waliachwa porini. Na nadhani uliogopa pia mikono yako mwenyewe, na mtoto aliyekuwa anakusubiri nyumbani mle chakula. Hilo la pili nimelielewa wiki hii tu. Hukuwa mtu wa kucheza filamu ile kwa sababu mimi nilikuwa hai.

Nilimkuta kwa muuza mihogo, ng'ambo ya barabara. Mchana mweupe, watoto wanapita na sare za kwaya. Alianza, "Mwanangu, walishika mutoto wangu..." Nikamkatiza. Nilimwambia sijaja kusikia kwa nini. Labda siku moja, labda kamwe. Nilimwambia nataka kitu kimoja tu, Mama na mdogo wangu wako wapi.

Akainamisha kichwa. 

"Nilibazika miye mwenyewe," akasema. "Bote babili, mu shamba yangu, nyuma ya nyumba. Mutoto mu mukono ya mama yake."

Alichimba peke yake, watu wote walikuwa wamekimbia. Alisema alimfunika Mama kwa kitenge chake cha kanisani, kile cha kijani. Hapo nikajua hasemi uongo, kwa sababu asingeweza kukitunga kitenge kile. Alisema aliomba sala aliyoikumbuka. Alisema pia kwamba alikuwa akija ukumbini ili akuambie, na kila mara ulipomtazama alirudi kukaa ukutani. Wanaume wawili wazima, Baba, mmoja na maiki, mmoja na jibu, na katikati yenu Wachina wanarukaruka. Sijui nicheke au nipige ukuta.

Sikumsamehe. Nisikudanganye. Nilimwambia asije tena Jumapili ninaposhika maiki, maana sijiamini kila siku. Alikubali. Alinieleza shamba lilipo, njia ya kushuka, jiwe aliloliweka, na ni nani wa ukoo wake aliyebaki pale anayeweza kunionyesha. Kisha nikaondoka, nikafika Bukoto kwa miguu bila kujua nimepita wapi. Mteja alikuwa ananisubiri. Nikamsuka. Nilikosea mistari nikafumua nikaanza upya, na yeye, Mungu ambariki, hakuuliza kitu.

Nakuahidi mambo mawili. Jina lile halitatoka kwenye maiki yako, hata wakivunja mabenchi kwa miguu. Na njia ikiwa salama, nitakwenda. Nitakaa nao siku nzima, nitawaambia ulivyoishi, ulivyonilea, ulivyokuwa unapika sombe yenye chumvi nyingi. Nitawaambia hukuwasahau hata siku moja.

Kwaheri, Baba. Ile hofu yako ya miaka yote iweke chini sasa. Walizikwa.

Binti yako,
Furaha