Kwa Madam, kuhusu ile makala ya timu

Shikamoo Madam,

Tumeambiwa kila mmoja afungue blogu ya somo, na kazi ya kwanza ni barua kwa mtu aliye mbali. Wenzangu hapa chuoni Korogwe wanawaandikia marehemu na wachumba. Mimi nakuandikia wewe, uliyenifundisha Kiswahili kidato cha tatu kule Mkata, maana kuna jambo nimelikalia miaka minne na limenichosha.

Unaikumbuka blogu yetu ya darasa? Kompyuta tatu, moja haiwaki mpaka ibembelezwe. Ulitaka tuandike mambo ya nyumbani, na sheria ilikuwa moja: hakuna kinachopanda mpaka umekisoma na kutia saini kwenye daftari. Pembeni uliandika kwa wino mwekundu, "Umeona au umesikia?" Jamani, swali lile lilivyotukera! Mara moja niliandika kwamba basi limegonga mbuzi sita, ukaniita mezani.

"Uliwahesabu, we Mzigua?"

"Hapana Madam, watu wamesema."

"Basi andika, watu wamesema."

Darasa zima likanicheka, na wewe ukacheka mpaka ukavua miwani. Baadaye ukanipa neno la siri la blogu niwe nawachapia wenzangu. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Halafu ikaja habari ya timu. Wewe mwenyewe uliikuta ile desturi: kila mavuno kila nyumba inatoa debe la mahindi kwa ajili ya timu. Baba alilipeleka letu kwa baiskeli, na timu ikifungwa alifoka kuliko kocha, kwa sababu alijiona mwenye mali. Kisha akatokea yule mfadhili mwenye malori. Alileta jezi, viatu, mpaka nyavu za goli. Tulimpenda, tusiseme uongo. Ila uchaguzi ulipokaribia, jezi zikaja na jina lake kifuani, na ukatangazwa mkutano wa Jumapili ili wanachama wanyooshe mikono, timu iwe yake. Wazee wakasema timu ni ya waliotoa mahindi. Vijana wanaocheza wakasema mahindi hayavaliwi miguuni. Nyumbani kwetu baba na kaka wakaacha kusalimiana.

Ijumaa ile ulikuwa umepanda basi kwenda Makuyuni kumwona mama yako, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Sikutaka kusubiri Jumatatu. Nikaandika kwamba timu ni ya wananchi, na hilo nalisimamia hata leo. Lakini nikaongeza kwamba mfadhili ameshaisajili kwa jina lake kwa siri. Karatasi hiyo sikuiona, Madam. Niliisikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nikaipandisha makala bila saini yako.

Jumapili watu walifika mkutanoni na simu mkononi. "Karatasi iko wapi?" wakamwuliza mfadhili. Akaapa hana karatasi yoyote, nani amsikilize! Mikono haikunyooshwa. Akakusanya jezi, viatu na nyavu zake, akapakia kwenye lori, akaondoka. Baba alirudi anaimba. Kaka hakula.

Jumatatu mfadhili akaja shuleni, na mkuu wa shule akatuita ofisini mimi na wewe.

"Nani aliruhusu hii?"

Mimi nilikuwa nakodolea viatu vyangu. Nikakusikia unasema, "Mimi. Niliisoma, nikairuhusu."

Nikakutazama, hukunitazama. Wallahi nafasi ya kusema nilikuwa nayo, tena kubwa. Nilijua nikifungua mdomo nimefukuzwa shule, na wewe ulilijua hilo kabla yangu. Mfadhili akasema unatumia watoto kwa siasa, na neno hilo likazagaa Mkata nzima mpaka sokoni. Mwezi haukuisha, ikaja barua ya uhamisho kwenda Kang'ata. Kutoka Mkata ulikuwa unapanda basi moja tu mpaka kwa mama. Kutoka huko ni kubadilisha magari, na mvua zikichachamaa huendi kabisa.

Siku unaondoka nilikubebea ndoo ya vyombo mpaka stendi. Ulisema, "Soma." Nikasema, "Sawa, Madam." Ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Timu ipo bado. Ni ya wananchi, inacheza na jezi za rangi tatu tofauti, na kaka ameacha mpira. Nikipita uwanjani wananiita shujaa, nami naongeza mwendo. Mwenye timu nilimtaja sawasawa, na mtu nikamsingizia, yote mawili katika makala moja.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Makuyuni, nikauliza nyumba yenu mpaka nikaonyeshwa. Mama yako alikuwa kibarazani anachambua maharage, miguu ameinyoosha mkekani. Akanisemesha Kishambaa, nikamjibu Kizigua, tukaelewana. Nilipomwambia mimi ni mwanafunzi wako wa Mkata, akaacha maharage.

"Wewe ndiye uliyeandika ya mpira?"

Kumbe ulimwambia! Akasema, "Nilimgombeza mwanangu. Nikamwuliza, kwa nini umejitwika ya mtoto wa watu? Akaniambia, mama, neno la siri nilimpa mimi." Kisha akanipakulia chakula. Nililia mbele ya sahani, naye akaniacha nilie, halafu akanisogezea maji ya kunawa.

Hapana, Madam. Neno la siri ulinipa, uongo hukunipa. Makala ile hukuisoma. Niliiandika peke yangu, nikaipandisha peke yangu, nikakuacha uibebe peke yako. Maneno hayo nimemwandikia kwanza yule mfadhili, ambaye hajajibu wala simdai jibu. Nimemwandikia na mkuu wetu wa shule. Yeye amejibu mstari mmoja tu: "Kwa nini hukusema siku ile?"

Niliogopa, Madam. Na wewe uliyekuwa na mengi ya kupoteza hukuogopa.

Nisamehe. Mama yako anasema likizo hii utakuja. Ukiniruhusu, nitakupokea stendi.

Mwanafunzi wako wa kidato cha tatu