Karata Niliyoibana Kifuani

Somo yangu Mwanahamisi,

Arobaini yako ilisomwa juzi. Wenzio walisoma hitima, nami Mluteri wako nilikuwa uani na wanawake, nakuna nazi. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nimelimeza na halishuki.

Kwanza habari za hapa. Mtoto ni mzima. Mama yako amerudi naye Muheza baada ya hitima, anamnywesha maziwa ya mbuzi, na wamempa jina lako. Bakari mumeo anakwenda gatini bandarini asubuhi, anarudi jioni. Mimi nikianua nguo bado nakuita uje unisaidie kukunja shuka, kisha najikamata.

Unazikumbuka zile karata? Si hizi za kopa na shupaza wanazocheza wanaume barazani. Zile kubwa za picha, nilizopewa mtaani Raskazone na yule bibi wa Kizungu niliyekuwa nikimfulia, siku aliyofungasha kurudi kwao. Alisema kwao hutumika kubashiri, kila picha ina maana yake, lakini maana zenyewe hakunieleza, meli ilikuwa inamngoja. Nikakuletea. Ukazitandaza mkekani, ukapiga ukelele: "Rebeka! Si watu wa mama hawa!"

Na kweli walikuwa wao, watu wa hadithi ya Miji Saba. Mama yako alitusimulia tukiwa wadogo kule Muheza, kipande kwa kipande, Ramadhani hata Ramadhani, wakati baba yangu alipokuwa karani wa shamba la mkonge na mimi nikishinda kwenu mpaka nikaanza kusahau Kishambaa. Mwenye kifurushi begani na mbwa nyuma yake, huyo Kibwana Sijui: angalia unapokanyaga. Mwanamke aliyemshika simba kinywa, Binti Zuhura: upole hushinda. Aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, huyo Saidi Mfungwa, miaka saba mikononi mwa majini: subiri. Na gari la farasi wawili, Mwana Nuru anaporudi kwa mamaye: ondoka. Ile ya mwezi na mbwa wawili tuliibishania wiki nzima, ukaninunia.

Masharti uliyaweka wewe. Anayeuliza haitazami karata, huambiwa tu ni nani amekuja. "Ukichungulia, umeharibu," ulikuwa ukisema, kisha unacheka: "Astaghfirullahi, Mola atusamehe. Haya, chomoa!" Nami nilikuwa nikimficha mchungaji. Ulikuwa mchezo, somo. Lakini wewe uliuamini kidogo, na mimi nilijua.

Siku ile ulikuja na mimba ya miezi saba. Mama yako alikuwa ameshatuma salamu mara mbili, uende ukajifungulie kwake. Bakari ameridhia, nauli ya treni ipo. Ukakaa, ukanyoosha miguu iliyovimba, ukasema: "Nipigie. Niende au nikae?" Nikachomoa. Alikuwa Mwana Nuru. Gari, farasi wawili, wazi kabisa. Nikaibana karata kifuani, nikakwambia: "Saidi Mfungwa. Subiri."

Sitajipamba. Mwanangu nilikuwa nimemzika kabla ya mvua za vuli, na wewe ndiye uliyekaa nami kizingitini kila alasiri bila kuniambia ninyamaze. Nilitaka nikae nawe mwezi mmoja zaidi, basi. Nikajidanganya kwamba hospitali ya mjini iko karibu, kwamba ni heri yako. Wewe ukasema, "Basi nitasubiri," ukaenda kuteka maji.

Wiki ya tatu uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Mkunga anasema damu ile ingetoka hata Muheza. Huenda. Hilo nimemwachia Mungu, maana mimi siliwezi. Lakini ulimwita mama yako tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mkono wako ulikuwa ndani ya mkono wangu, na aliyefanya asiwepo ni mimi. Aliposhuka kwenye treni, watu walikuwa wameshatoka makaburini.

Juzi, kwenye arobaini yako, mama yako alinisogelea na ungo wake wa mchele, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Rebeka mwanangu, we ndiye ulokuwa naye. N'limkosa nini Mwanahamisi, hata asitake kuja kwangu?"

Nikasema, sijui, mama. Somo, nilisema sijui! Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Mwanamke aliyenilisha, aliyenisuka nywele pamoja na wewe, anaamini kwamba mwanawe alimkataa. Asipoambiwa ataamini hivyo mpaka anaingia kaburini, na binti yako atalelewa ndani ya huzuni hiyo. Nimejichukia maishani mara nyingi, lakini si kama juzi.

Kukurudisha siwezi. Hili naliweza. Jumamosi napanda treni ya asubuhi. Nitamwamkia, nitakaa chini mbele yake, na kabla hajanikaribisha chai nitamweleza yote, karata na uongo wangu. Huenda akanifukuza. Huenda asiniruhusu tena kumpakata mtoto, na hapo sitakuwa na mtu kabisa. Naogopa, somo. Naogopa sana, lakini tiketi nimeshakata.

Pumzika, Mwanahamisi. Sikuombi unisamehe leo. Nakuahidi jambo moja tu: Jumamosi, kabla jua halijawa kali, mama yako atajua kwamba ulitaka kwenda kwake.

Mimi,
Rebeka