Bunduki Moja, Mutu Moja

Bunia

Yaya Rachel, wa tumbo moja na mimi,

Bwana asifiwe huko Fataki. Mama anaamka namna gani? Magoti yake inamuruhusu kufika kanisa? Mimi niko, Mungu ananilinda. Ninaendelea kupika maharagi na bugali ku kambi ya hapa Bunia, penye wapiganaji wanakuja kurudisha silaha.

Keti kwanza, ndipo usome. Usisome mbele ya Mama.

Unajua mapatano ya amani ilisomwa, na siye wote tuliimba. Lakini sharti ni hii: bunduki moja, mutu moja. Mwenye kutoka porini bila bunduki hapewi karatasi, na bila karatasi askari wa bariyeri ya njiani anakuhesabu muasi, anakupiga risasi. Basi wale wenye mapanga tu wanafanya nini? Wanatafuta bunduki ya kurudisha. Ku njia ya Bogoro waliua sentineli muzee aliyelinda shamba, juu ya gobori yake ya kuwindia. Askari wawili walichinjwa wakioga. Yaya, tangu amani isomwe, tunazika watu wengi kuliko wakati wa vita.

Mudogo wetu Faustin alikuja toka porini na panga tu. Nilikuwa ku chungu, mwiko ukanitoka mukononi. Komanda anayepokea silaha alishika ile panga, akacheka: “Hii ni ya kukatia mbuzi majani. Enda ulete ya kweli.” Nilimufungia bugali ndani ya jani, nikamuomba ajifiche kwangu. Akasema atatoka porini kama mutu, si kama panya.

Akarudi kweli. Bunduki ku bega, damu imekauka mupaka ku viwiko. Wakamupigia makofi, wakamupa sabuni, mukeka na karatasi. Mimi niliangalia tu mukanda ya bunduki. Ilikuwa kitambaa ya buluu ya kwaya, imesukwa namna Mama Dieudo jirani yetu anasukaka. Alimusukia mutoto wake Dieudo ile ya kufungia mufuko, siku Dieudo na Faustin waliingia porini pamoja.

Nilimupeleka nyuma ya jiko, nikamuuliza Dieudo iko wapi.

“Walisema bunduki moja, mutu moja,” akajibu. “Siye tulikuwa wawili.”

Dieudo alikuwa ameweka bunduki yake chini, ameinama mutoni kunywa maji. Faustin alimukata shingo. Mara ya kwanza panga haikumaliza, Dieudo akashika majani, akamuita kwa jina. Akamukata tena. Alinielezea haya akikula, Yaya, na mimi ndiye niliosha ile shati.

Najua Mama anafunga na kuomba kitinda mimba wake arudi. Mungu amemujibu, na mimi sijui nimwambie Mungu nini. Pastere anayekuletea barua hii alikuwa na nafasi ya Faustin ndani ya motokari. Nilikataa. Faustin alikasirika, akasema ana karatasi, vita yake imeisha.

Nikamwambia: “Imeisha na komanda. Mama Dieudo hajaweka sharti yake.”

Basi Faustin iko hapa kwangu, anapasua kuni, anangoja.

Salimia Mama, umushike miguu kwa ajili yangu. Salimia shemeji mwalimu, na shangazi anayetuombeaka. Kwa Mama Dieudo usipeleke salamu. Anangoja bado mutoto. Nilikata ile mukanda kabla askari wa kambi hawajabeba bunduki. Iko ndani ya bahasha. Umuwekee ku mukono, uketi naye chini, umuambie yote, na neno lolote atakalosema uniandikie vile vile, hata kama ni gumu. Faustin atalisikia lote.

Ni mimi mudogo wako, niombee,
Mave