Nyota Iliyomkalisha Mama

Mujukuu wangu Neema,

Pokea salamu za Nakivale. Mahindi yameiva, magoti yangu yanagoma.

Umeniandikia toka Mbarara kwamba mwanga wa Siriusi, nyota inayong'aa kupita zote usiku, husafiri zaidi ya miaka minane kutufikia. Kumbe nao unachoka! Unauliza kama ndiyo ile ya asubuhi. Hapana. Siriusi inametameta, ya asubuhi ni sayari, mwanga wake umetulia.

Kule Kivu, nyota ya asubuhi ndiyo iliyotuamsha kwenda soko. Nikiwa msichana nilizichanganya, nikamwamsha mama mapema mno. Tulifika na mihogo kichwani, fasi yote giza, hakuna mutu. Nikangoja kofi. Mama akatua mzigo, akakaa chini, akasema, "Asante, mwanangu."

Sikuwahi kumwona amekaa bure, ila siku ile.

Nakuandikia nimekaa.

Bibi yako